Mwanafunzi wa Isimu Aanzie Wapi? Shule za Uwandani, kutoka Mpwapwa hadi Dagestan

Ukipanda basi alfajiri Dodoma mjini na kushika barabara ya Babati, kabla ya jua kutua utakuwa umepita katika ardhi za makundi ya lugha ambayo hayana udugu wowote uliothibitishwa baina yao. Unaanza na Kigogo, kisha Kondoa unakutana na Kirangi. Zote mbili ni za Kibantu. Upande wa Goima kuna Kiburunge, na kandokando ya Kolo kuna Kialagwa. Hizo ni za Kikushi, na ndugu zao wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Ukikata kuelekea Farkwa na Kwa Mtoro, wilayani Chemba, unasikia Kisandawe chenye vidoko. Mbele ya Kondoa wapo Wagorwaa wa Babati, kisha Wairaqw, na chini ya mlima Hanang wapo Wabarabaig, ambao Kidatooga chao ni cha Kinilo. Ukizidi hadi ziwa Eyasi unawafikia Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko pia, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ina nasaba moja na Kisandawe. Hakuna pengine Afrika ambapo makundi haya yote yanakaa jirani kiasi hiki.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vilivyo nje kidogo ya mji, mlangoni mwa eneo hilo. Kijana anayesoma isimu pale hahitaji ndege wala viza ili awafikie wazungumzaji ambao wataalamu wa vyuo vikuu vya Leiden, Uholanzi, na Köln, Ujerumani, waliwafuata kwa maelfu ya kilomita. Anahitaji nauli ya basi, barua ya chuo, na jambo la tatu ambalo ndilo limenifanya niandike: mtu wa kumfundisha namna ya kukaa mbele ya mzee wa Kisandawe na kuondoka na kitu kitakachomfaa Msandawe mwenyewe, kikamfaa mwanaisimu, na kikamfaa kitukuu ambaye bado hajazaliwa. Dunia ina shule kadhaa za kufundisha kazi hiyo. Kila moja imewapa wanafunzi wake jicho la kuona jambo fulani na kuwanyima jicho la kuona jingine. Nimezilinganisha nikiwa na nyanda za kati akilini, na sitaficha ninaegemea wapi.

Shule kongwe ni ya orodha, na moja ya kazi zake kubwa ilifanyiwa hapa hapa. Joseph Thomas Last, mmisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, aliishi Mpwapwa na baadaye Mamboya katika milima ya Ukaguru. Mpwapwa ya wakati ule ilikuwa kituo cha misafara ya kati ya pwani na bara, na watu wa lugha nyingi walipita hapo. Mwaka 1885 Last alichapisha London kitabu chake, Polyglotta Africana Orientalis, chenye maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48, pamoja na maneno ya ziada kutoka lugha nyingine 19. Mwaka uliofuata alitoa sarufi ya Kikaguru. Njia yake ni rahisi kueleza: maswali yale yale kwa kila mtu, na majibu yapangwe yaweze kulinganishwa.

Njia hii haikufa. Shirika la SIL lina orodha ya maneno 1,700 iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Afrika, na wanafunzi wengi bado huanzia kwenye orodha ya namna hiyo. Nami sioni ubaya waanzie hapo, hasa katika Kisandawe. Vidoko vya Kisandawe hutamkiwa mahali patatu, na kila mahali pana namna tano za kukitoa kidoko, hivyo jumla ni fonimu 15 za vidoko peke yake. Sikio lililozaliwa na Kigogo, Kihehe au Kiswahili haliwezi kuzitenganisha kwa siku moja. Linahitaji kusikia neno lile lile mara kumi, kutoka vinywani mwa watu tofauti, wanawake na wanaume, wazee na vijana. Kwa kazi hiyo hakuna kifaa kinachoishinda orodha. Na kuna lugha ambazo leo tungekuwa hatuna lolote juu yake lau wakusanyaji wa orodha wasingepita. Kikw'adza, lugha ya Kikushi iliyokuwa na wenyewe katika nyanda hizi, haina tena mzungumzaji. Sehemu kubwa ya tunachokijua tunakipata katika maneno yaliyokusanywa na Christopher Ehret katika karne iliyopita, wakati waliokijua walikuwa wamebaki wachache mno.

Lakini orodha huleta kile tu ulichokwenda kukiuliza. Kirangi kinatoa ushahidi ulio wazi kuliko yote ninayoyajua. Katika lugha za Kibantu kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu, na ndivyo mwanafunzi anavyofundishwa darasani. Katika Kirangi, unapotaja jambo la wakati ujao, mambo yanakwenda kinyume: kitenzi kikuu kinatangulia na kisaidizi kinafuata. Ni nadra sana katika Kibantu kizima. Kimbugwe, jirani yake wa kaskazini, nacho kina tabia hiyo. Ajabu haiishii hapo. Ukiifanya sentensi ile ile kuwa swali lenye "nani" au "nini", au ukiiingiza katika kirejeshi, kisaidizi kinarudi mbele. Hannah Gibson aliufanya mpangilio huu kuwa kiini cha tasnifu yake ya uzamivu aliyoikamilisha SOAS, London, mwaka 2012. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyekwenda Kondoa na orodha ya sentensi 100 za maelezo, zote zikianza na "mama ata-" na "baba ata-". Atarudi na data safi, iliyojazwa vizuri, na nusu ya kanuni itakuwa imebaki Kondoa. Maswali na virejeshi hujitokeza katika mazungumzo, watu wanapobishana juu ya ng'ombe aliyeingia shambani au wanapoulizana habari za msiba.

Hapo ndipo shule ya pili inapopata nguvu, shule ya matini. Franz Boas, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitaka kila lugha iachiwe vitu vitatu: sarufi, kamusi, na mkusanyiko wa maneno ya watu wenyewe yaliyoandikwa kama yalivyosemwa. Alijua kwamba mgeni hawezi kuikamilisha kazi ya tatu peke yake. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, alimfundisha George Hunt kuandika Kikwak'wala, lugha ya pwani ya magharibi ya Kanada ambayo Hunt alikulia ndani yake. Hunt aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1933, akatuma maelfu ya kurasa. Matini yao yalipoanza kuchapishwa mwaka 1902, jina la Hunt liliwekwa pamoja na la Boas.

Miaka ile ile jambo la kufanana na hilo lilikuwa likitendeka kwa watu wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni kutoka Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 ikachapishwa Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu kubwa ni maandishi yake: ndoa, uganga, safari, ngoma, deni, mazishi, yote kwa Kiswahili cha mtu anayeyajua kwa kuyaishi. Jalada lilibeba jina la mhariri wake Mjerumani, Carl Velten. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika anwani ya kitabu. Hunt na Mtoro walifanya kazi ya aina moja kwa wakati mmoja, lakini mmoja alihesabiwa mwandishi na mwingine akahesabiwa chanzo cha habari. Katika mafunzo ya vijana wetu ningetaka kisa hiki kisomwe mapema kabisa, kabla ya somo la kinasa sauti, kwa sababu tasnifu nyingi bado zinamtaja mzee aliyetoa lugha yote iliyomo kwa herufi mbili na umri wake. Wapo wanaoomba majina yao yafichwe, nao wana haki hiyo. Wapo pia ambao wangependa sana kuliona jina lao, na hakuna aliyewauliza.

Dodoma ina mtu wake katika safu hii. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 1969, wengi wanamkumbuka kwa ngonjera. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichoandikwa na Mgogo kuhusu Wagogo. Aliyakusanya mambo ya koo, watemi, mvua na mifugo akiwa mtoto wa nyumba ile, na kitabu chake kikawa na thamani kiasi kwamba mwanahistoria Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza zaidi ya miaka arobaini baadaye, mwaka 1995. Ukikiweka kando ya kurasa za Hunt unaona tofauti inayotuhusu hadi leo. Hunt aliandika Kikwak'wala chenyewe, na tafsiri ikafuata. Mnyampala aliandika kwa Kiswahili. Alipata wasomaji wa Tanganyika nzima, jambo ambalo alilitaka na lilikuwa na heshima yake katika miaka ile ya kujenga taifa. Kigogo chenyewe, namna mzee wa Ihumwa alivyoitamka habari ya mvua, kilibaki nyuma ya pazia. Tangu hapo huo umekuwa mwenendo wetu: tunakusanya habari za jamii kwa bidii, na tunazikusanya kwa Kiswahili.

Kiswahili ni neema kubwa kwa mwanaisimu wa Tanzania. Mwenzake wa nchi nyingine anaweza kutumia mwaka mzima akitafuta mkalimani. Huyu wetu anasalimia, anaeleweka, na anaanza kazi siku ile ile. Swali ni kama kazi inaweza kufanywa yote kwa lugha hiyo ya kati, na hapa shule mbili za dunia zinapingana waziwazi.

Moja ni ya Moscow. Kuanzia mwaka 1967, Aleksandr Kibrik aliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow katika milima ya Caucasus, hasa Dagestan, ambako kuna lugha nyingi zilizosongamana kama zilivyo kwetu Kondoa. Walikwenda kwa kikundi wakati wa kiangazi. Kila mwanafunzi alikabidhiwa kipande chake: huyu nomino, yule vitenzi, mwingine sintaksia, kisha walikaa pamoja kulinganisha waliyoyapata na kusahihishana. Waliuliza kwa Kirusi, kwa sababu wenyeji walikijua Kirusi kama wazee wetu wanavyokijua Kiswahili. Matunda yake makubwa ni maelezo ya Kiarchi, lugha ya watu wapatao elfu moja hivi mlimani, yaliyochapishwa mwaka 1977. Mmoja wa waandishi wenza, Samedov, alikuwa mzaliwa wa jamii hiyo. Kibrik aliongoza safari za namna hiyo kwa miongo, na wanafunzi wengi aliowachukua uwandani wakiwa vijana wa shahada ya kwanza wakawa wanaisimu wanaojulikana duniani.

Ya pili kati ya hizo mbili inakataa. R. M. W. Dixon, aliyeanza kazi na Wadyirbal wa Queensland, Australia, mwaka 1963, amefundisha miaka mingi kwamba mtafiti aishi na watu, ajifunze lugha yao aiseme, akusanye masimulizi na mazungumzo, na sarufi itoke humo. Kuuliza "unasemaje hivi?" kwa lugha ya kati, kwake, ni njia ya kupata lugha iliyopindwa. Leiden, ingawa ina mwendo wake, iko karibu na upande huu: mtu mmoja, lugha moja, miezi mingi kijijini, kitabu kimoja kikubwa. Hivyo ndivyo Maarten Mous alivyotupatia sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993 na ya Kialagwa mwaka 2016, na ndivyo Sander Steeman alivyotupatia sarufi ya Kisandawe mwaka 2012, miaka miwili tu baada ya ile ya Helen Eaton.

Nani ana haki? Nadhani Dixon ana haki juu ya hatari, na Kibrik ana haki juu ya namna ya kulea. Hatari ya lugha ya kati ni ya kweli, na kwetu ni kubwa zaidi kuliko Dagestan, kwa sababu Kirusi kiko mbali sana na Kiarchi, kiasi kwamba mwanafunzi hawezi kusahau kwamba anatafsiri. Kiswahili na Kigogo ni ndugu. Ngeli zinafanana, mizizi inafanana, na mwanafunzi anajiona amefika kabla hajaanza safari. Chukua wakati uliopita. Kiswahili kina "-li-" moja inayobeba leo asubuhi, jana na enzi za babu. Kihaya, ndugu mwingine wa Kibantu, kinagawa wakati uliopita katika ngazi tatu: wa leo, wa jana, na wa kabla ya hapo. Mtafiti akimuuliza Mhaya "unasemaje 'nilinunua'?" atapewa jibu moja, lolote litakalomjia mzungumzaji, na ngazi mbili zitabaki zimefichika nyuma ya "-li-" yake mwenyewe. Mzee hakudanganya, ameitikia swali kama lilivyoulizwa. Tena kuna adabu. Mzee wa kijijini akimwona kijana wa chuo ana karatasi na haraka, atamsaidia: atachagua neno lililo karibu na Kiswahili, atafupisha, ataacha misemo anayodhani mgeni hataielewa. Kwa ukarimu huo lugha inasogea kidogo kuelekea Kiswahili kila swali linapoulizwa.

Mafunzo ya peke yake kwa mtindo wa Leiden, kwa upande mwingine, hayawezi kuwa njia ya kulea vijana wengi hapa. Mwaka mzima kijijini unahitaji fedha ya uzamivu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana wiki chache na mkopo usiotosha. Kikundi cha Kibrik kinamfaa zaidi: gari moja, mwalimu mmoja, wiki tatu au nne, na kusahihishana kila jioni. Ningebadilisha kitu kimoja. Asubuhi ya maswali ya Kiswahili iwe nusu ya siku. Nusu ya pili iwe kusikiliza tu, mahali watu wanapozungumza kwa haja zao: kisimani, kwenye kilabu cha pombe, kwenye kwaya. Kigogo kimeishi kanisani tangu siku za CMS. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 tayari kulikuwa na maandiko ya Kigogo. Na tamasha la muziki la Chamwino linakusanya vikundi vya muheme na nindo ambavyo maneno yake hayapatikani katika hojaji yoyote. Tena ningepunguza idadi. Vijana thelathini wenye madaftari wakishuka Farkwa siku moja watakichosha kijiji, na mwaka unaofuata milango itafunguliwa shingo upande. Sita wanatosha.

Marekani nako kuna darasa la uwandani lisilotoka nje ya chuo. Mzungumzaji mmoja wa lugha ambayo darasa haliijui analetwa, muhula mzima wanafunzi wanamuuliza, na mwisho kila mmoja anaandika kipande cha sarufi. Ubaya wake ni kwamba lugha inafika bila mahali pake. Lakini kwa Dodoma naona nafasi ambayo vyuo vya Marekani havina: darasa lenye wanafunzi hamsini wa Kitanzania lina lugha ishirini ndani yake. Mnyaturu amuulize Mburunge, Mburunge amuulize Mnyakyusa. Kila mmoja aonje kuwa upande wa pili wa daftari, aulizwe maswali ya kipuuzi juu ya lugha ya mama yake, aone yanavyochosha. Sijui mafunzo ya maadili ya utafiti yanayoweza kuingia moyoni kwa kasi hiyo, na hayagharimu shilingi.

Kazi kubwa iliyofanywa na Watanzania wenyewe katika uwanja huu ni Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 kwa fedha za Sweden, chini ya wanaisimu kama Henry Muzale na Josephat Rugemalira. Walikabili tatizo la msingi: sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuchapisha hesabu za makabila, kwa hiyo hakuna hati ya serikali inayosema nani anazungumza nini na wapi. Mwaka 2009 walitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, yenye lugha zaidi ya 150, na mwaka huo huo Rugemalira alichapisha kamusi ya Kigogo, Kiswahili na Kiingereza. Mradi uligharimia masomo ya umahiri na uzamivu, ukatoa msururu wa misamiati na sarufi. Kwa maoni yangu hakuna juhudi nyingine iliyolea wanaisimu wengi wa Kitanzania kwa lugha zetu kwa muda mfupi namna hiyo. Ila sehemu kubwa ya matunda yake ni ya shule ya orodha: misamiati kwa wingi, matini machache, sauti chache zaidi. Kamusi ya Kigogo ninaipenda na ninaitumia. Nikitaka kusikia Mnyambwa wa magharibi anavyotofautiana na Mtumba wa upande wa Mpwapwa akisimulia kisa kile kile, haiwezi kunisaidia, wala haikutungwa kwa ajili hiyo.

Tangu miaka ya 1990, hasa baada ya makala ya Nikolaus Himmelmann ya mwaka 1998, dunia imekubali kwamba kuhifadhi lugha ni kazi yenye hadhi yake, tofauti na kuieleza kisarufi. Rekodi ya sauti na video, iliyonukuliwa na kutafsiriwa, ndiyo mali. Sarufi itaandikwa leo na kuandikwa upya kesho. Programu ya ELDP, inayogharimia kurekodiwa kwa lugha zilizo hatarini, ilianza London mwaka 2002 na kuhamia Berlin mwaka 2021, na hazina yake ina makusanyo kutoka kwetu, ukiwemo mkusanyiko mkubwa wa Kigorwaa alioufanya Andrew Harvey huko Babati. Ni kazi ya thamani. Hata hivyo, mzee aliyerekodiwa Babati ana mjukuu mwenye simu ya kitochi, na sauti ya babu yake iko kwenye seva Ulaya. Wenyeji wa asili wa Marekani walilikabili jambo hili mapema: taasisi ya AILDI, iliyoanza mwaka 1978, inawafundisha wenye lugha wenyewe isimu na ufundishaji, ili mwenye lugha awe ndiye mtafiti na kitu kibaki nyumbani.

Kutoka Papua New Guinea kuna mbinu ambayo ningeileta Dodoma kesho. Mwanaisimu Steven Bird aligawa vinasa sauti vidogo vijijini. Mzee anasimulia, kisha kijana wa pale pale anairudia simulizi polepole, sentensi kwa sentensi, na kinasa cha pili kinachukua, kisha anaitafsiri kwa mdomo kwa lugha ya taifa. Kunukuu saa moja ya mazungumzo kwa maandishi kunakula makumi ya saa za kazi, na hapo ndipo makusanyo mengi yanapokwama. Kurudia kwa sauti kunakwenda haraka, na mtu asiyejua kuandika lugha yake anaweza kufanya hivyo. Kiswahili hapa kinakaa mahali pake panapofaa: mwishoni, kama tafsiri, baada ya lugha kujisemea yenyewe.

Nisiache kalenda na barua. Mwanafunzi wa Kitanzania huenda uwandani likizo ndefu, kati ya Julai na Oktoba. Mavuno yamekwisha, watu wana nafasi, kuna jando na harusi. Mvua za Dodoma zinakuja Desemba hadi Aprili. Maana yake ni kwamba lugha ya kupanda uwele, ya palizi, ya kuamia ndege, ya kuchuma mlenda na ya hofu ya mbingu kavu mwezi Februari inakusanywa kiangazi kwa kumbukumbu, ikiwa inakusanywa kabisa. Lugha ya Wagogo bila mvua ina pengo kubwa. Vyuo vingeweza kuruhusu wiki mbili za Januari, na kanuni za mitihani si andiko takatifu. Kuhusu barua, kijana afundishwe njia nzima: kutoka chuoni kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na kitabu cha wageni katika kila ofisi. Afundishwe pia kwamba ruhusa ya mtendaji si ruhusa ya bibi. Bibi aelezwe kwa lugha anayoielewa sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia, na akubali kwa mdomo mbele ya kinasa. Karatasi ya dole gumba inamtisha mtu aliyewahi kupoteza shamba kwa karatasi.

Huko Kamerun, katika eneo la Lower Fungom, wanaisimu Jeff Good na Pierpaolo Di Carlo pamoja na wanafunzi wa vyuo vya Kamerun wamechunguza namna mtu mmoja anavyotumia lugha nyingi katika siku moja badala ya kusaka mzungumzaji "safi". Kondoa inahitaji macho hayo. Mburunge anayeongea Kirangi sokoni na Kiswahili shuleni hajaharibu Kiburunge chake; hivyo ndivyo Kiburunge kilivyo leo, na kijana anayemkatiza mzee kila akitia neno la Kiswahili anafuta sehemu ya ushahidi.

Hukumu yangu ni hii. Mtu asipewe shahada ya isimu katika chuo cha nyanda za kati kama hajanukuu na kutafsiri angalau saa moja ya mazungumzo ya kweli katika lugha ya jamii, na saa hiyo ipewe alama kama sura ya nadharia inavyopewa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 tayari inahimiza utafiti na uandishi wa kamusi na sarufi za lugha hizi, kwa hiyo hakuna idara inayohitaji kusubiri sheria mpya. Nakala ya kila rekodi ibaki Dodoma, katika maktaba ambayo mtu wa Kwa Mtoro anaweza kuingia akaomba kuisikiliza, na nakala nyingine ibaki kijijini.

Na wewe unayesoma isimu, ambaye bibi yako angali hai Itiso, Goima au Farkwa: usisubiri mtaala ubadilike. Nenda likizo hii, mwombe ruhusa, washa kinasa, mwache aseme mpaka amalize, na ukirudi chuoni peleka jina lake kamili pamoja na sauti yake, kama atakuwa amekubali.